Mikongo Miwili, Njia Moja

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na Seacom, ilikatika chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nchi ya Tanzania, iliyo zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka hapo, iliathirika vibaya. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga shughuli zake kwa umma siku mbili. Kenya nayo iliguswa, na Uganda pia, ambayo haina bahari na hupokea intaneti kupitia majirani hao.

Wafanyabiashara wengi siku hizi hupiga simu kwa intaneti kwa sababu ni rahisi. Lakini simu ya zamani ilipata umeme kwa waya uleule uliobeba sauti. Mji ukiwa gizani, iliendelea kuita. Simu ya intaneti hunyamaza umeme ukikatika. Tena, mtambo wake ukiwa ng'ambo, hata jirani kumpigia jirani haiwezekani mkongo unapokatika.

Wako wanaodhani kwamba kulipia kampuni mbili ni kujikinga. Mei ile ilionyesha vingine: majina yalikuwa mawili, lakini mikongo yote ilipita upande mmoja wa bahari. Nako kaskazini, Seacom na mikongo mingine ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari, na ilikuwa haijatengenezwa.

Basi, la kuuliza kwanza ni njia inapita wapi. La pili, sauti ya mtu mmoja haihitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde. Kwa hiyo njia nyembamba ya akiba yatosha, mradi simu zitangulizwe. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu huchelewesha sauti kama robo sekunde, lakini ujumbe hufika. La tatu, simu zielekezwe mapema kwenye namba za mkononi za nchini, na betri ziwepo.

Sisi askari tunalijua jambo hili. Redio ya akiba ambayo haijawashwa tangu ilipotoka ghalani haihesabiwi kuwa silaha. Vivyo hivyo, kituo cha polisi au duka kubwa halina budi kuikata njia yake kuu kwa makusudi, mara kwa mara, na kuona kama simu bado inaita.