Gemu za mafumbo na kupigana: tuwasikilize wanaocheza (Watoto na Skrini, sehemu ya 4)



Tangu niweke sehemu ya 3 kuhusu usingizi wa watoto, inboksi imejaa swali moja: "Nesi, mwanangu anacheza gemu za kupigana. Nimnyang'anye?" Wengine mmeshanyang'anya tayari, mnachotaka kwangu ni baraka tu.

Jibu nalitoa mapema, ili hata mwenye bando la kuishia aondoke nalo. Kabla hujanyang'anya, kaa chini umuulize mtoto anaionaje hiyo gemu. Majibu yake yatakuambia mengi kuliko ule upanga uliouona kwa mbali ukiwa jikoni.

Nawapa mfano wa gemu moja ninayoifahamu, kwa sababu imechezwa kwangu likizo nzima. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo Dar, alikuja nayo kwenye laptopu yake hapa Kilwa Masoko. Inaitwa Tunic. Ilianzishwa na kijana mmoja wa Kanada, Andrew Shouldice, aliyeacha kazi ili aitengeneze. Ilimchukua kama miaka 7, ikatoka Machi 2022. Si kampuni kubwa yenye maelfu ya wafanyakazi.

Ndani yake kuna mbweha mdogo anayezinduka ufukweni. Hakuna anayemwambia aende wapi. Vibao vimeandikwa kwa herufi ambazo hazijulikani. Anaokota fimbo, baadaye upanga na ngao. Njiani anaokota karatasi mojamoja za kijitabu cha maelekezo ya gemu hiyo hiyo, nacho kimejaa zile herufi zisizosomeka, michoro na maneno machache ya kawaida. Kwa hiyo kazi ni mbili: kufumbua mafumbo ya kile kijitabu, na kupigana na maadui. Na wale wakubwa, watoto wanawaita mabosi, wanapiga kwelikweli.

Sasa sikilizeni. Nyumba moja, laptopu moja, wachezaji watatu, maoni matatu.

Wa kwanza, mwenye laptopu, ana miaka 20. Yeye anasema, "Mamdogo, bila kupigana ile karatasi haina thamani. Umepigwa, umekufa mara nane, halafu unaokota karatasi inakuonyesha ulichokuwa hukijui. Hapo ndipo raha."

Wa pili ni mwanangu, miaka 11. Mafumbo yanamchosha, anataka upanga tu. Alikwama kwa bosi mmoja siku mbili. Lawama zake ni hizi: "Mama, jibu nalijua! Ila vidole havifiki kwa wakati."

Wa tatu ni binti wa kaka yangu, miaka 13. Huyu hapendi kabisa zile vurugu, anapenda karatasi. Alichukua daftari, akawa anachora zile herufi na kuangalia zipi zinajirudia. Akaniambia, "Shangazi, ni kama kule Kisiwani tulipoenda na shule. Unaona ukuta, unaona bwawa la pembe nane pale Husuni Kubwa, halafu unajiuliza mwenyewe watu walikuwa wanafanya nini hapa." Jamani, mtoto anayeongea hivyo ubongo wake unafanya kazi.

Ila alikuwa anakufa kila baada ya dakika tano, akataka kuacha. Ndipo kaka yake akamwonyesha kwamba kwenye mipangilio ya gemu kuna sehemu ya kubonyeza, mbweha akawa hafi hata apigwe vipi. Akabonyeza, akaendelea na mafumbo yake kwa raha. Mwanangu akapiga kelele, "Anaiba! Huo si ushindi!" Ugomvi ukaanza.

Huko duniani nako wachezaji wa gemu hii wamegawanyika vivyo hivyo. Wengi wanakisifia kile kijitabu. Wengine wanalalamika kwamba mbweha anapendeza kama katuni ya watoto, kumbe vita vyake ni vya watu wazima. Na wengine wanasema ukipunguza makali ya vita umeharibu utamu.

Mimi nipo upande wa binti. Hakuiba kitu. Mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeweka ule mlango, maana alijua watu hawafanani mikono. Kliniki naona watoto wa umri mmoja, mmoja anaunganisha vitu haraka, mwenzake anakimbia kuliko wote, wa tatu anaongea kama mwalimu. Hatumpi mtoto mzima wa afya jina la mjinga kwa sababu vidole vyake vina pole. Aliyeondoa kifo ili afikie fumbo, bado fumbo kalifumbua kwa akili yake.

Lakini yule wa chuo naye ana hoja, tusimpuuze. Kushindwa na kurudia ni somo. Wazee wetu barazani wanalijua hilo zamani. Bao letu nalo si fumbo lenye vita ndani yake? Mashimo 32, kete 64. Kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anakula kete za mwenzake, analinda nyumba yake, na safu yako ya mbele ikimalizwa umeshindwa. Maneno yote ni ya vita! Na sijawahi kumpokea wodini mtu aliyejeruhiwa na mcheza bao.

Wataalamu wanasemaje? Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2020: kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za kupigana na ukali wa kawaida kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema gemu hizo zinazaa uhalifu na ukatili mkubwa. Kwa hiyo mtoto akisukuma wenzake baada ya gemu, hujaota, linatokea, mkemee. Ila usimtangaze mtaani kuwa ameshakuwa jambazi.

Tatizo ninaloliona mimi lipo pengine. Bao lina mwisho. Adhana ikilia wazee wanainuka, kete zinakusanywa. Tena pembeni kuna watu wanaotazama, wanatania, wanakosoa. Gemu nyingi za bure za kwenye simu hazina mwisho wala watazamaji. Mtoto yupo peke yake chini ya shuka saa tano usiku, mtu asiyemjua anaongea naye, na kila baada ya muda anaambiwa nunua hiki, nunua kile. Ile ya mbweha inanunuliwa mara moja, haina watu wa kuongea nao humo ndani, na ukiimaliza imeisha. Upanga upo, lakini kwangu mimi ina hatari ndogo kuliko gemu ya kupanga pipi isiyoisha inayomkosesha mtoto usingizi.

Umeona? Ukihukumu kwa upanga peke yake, utaikataa iliyo nafuu na kuiacha inayomla mtoto.

Sasa, maswali ya kumuuliza mwanao. Muulize kwa upole, si kwa sauti ya polisi:

1. "Hii gemu inahusu nini?" Anayeweza kukueleza, anafikiri anapocheza. Anayejibu "sijui, nacheza tu" kila siku, kaa naye karibu uone kinachoendelea.

2. "Ukishindwa huwa unafanyaje?" Binti yetu alisema, "Narudi kwenye karatasi." Mwanangu alisema, "Narudia mpaka mkono uume." Hapo nikajua nani anahitaji kupumzishwa mapema.

3. "Ukiambiwa zima, inakuwaje?" Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kununa dakika mbili ni utoto. Kurusha vitu, kulia saa nzima, kuamka usiku kwa kificho, hiyo ni dalili.

4. "Kuna mtu unaongea naye humo?" Kama yupo na hamjui, hapo usisubiri kesho.

Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Haliangalii mtoto kacheza gemu gani. Linaangalia mambo matatu: hawezi kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kila kitu kingine, na anaendelea hata kama anaona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Kwa hiyo mtoto aliyekesha wiki moja ya likizo si mgonjwa, anahitaji ratiba. Ila anayeacha kula, kuoga, shule na marafiki kwa ajili ya gemu, mlete hospitali tuongee. Hatutamcheka.

Kwa wenye wadogo: shirika hilo hilo lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Najua simu inamtuliza ukiwa unakuna nazi. Mpe sufuria na mwiko agonge.

Sheria za kwangu ni nyepesi. Gemu inachezwa sebuleni, tunaona wote. Anacheza mmoja, wengine wanatoa ushauri, kama barazani. Saa mbili usiku laptopu inafungwa, na umeme ukikatika kabla ya hapo hakuna kudai fidia! Anayetaka kupunguza makali ya vita apunguze, na atakayemcheka anapoteza zamu.

Wale wawili bado wanabishana kama ule ulikuwa ushindi au la. Mimi siwanyamazishi. Mtoto anayetetea maoni yake kuhusu gemu kwa hoja, kesho atatetea maoni yake kuhusu mambo mazito zaidi, na atakuja kwako kukuambia likimkuta jambo, kwa sababu amezoea kusikilizwa.

Kwa hiyo, mama, leo usiku usianze na kunyang'anya. Anza na swali namba 1. Kisha njoo uniandikie hapa chini amekujibu nini, na ana miaka mingapi. Jina lake usiliweke, wala picha.

Sehemu ya 5 itahusu macho na shingo za watoto wanaoinamia simu. Mwenye swali aliache mapema, nipo zamu ya usiku wiki hii, nitajibu nikipata nafasi.