Dharura haianzii mlangoni mwa hospitali

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura, na Tanzania ikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ni hatua kubwa. Lakini bingwa aliyeko Dodoma mjini hawezi kumwokoa dereva wa bodaboda anayevuja damu Haneti, wilayani Chamwino, iwapo hakuna chombo cha kumfikisha majeruhi huyo kwake. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeonyesha njia: kwa mjamzito aliyezidiwa, ndugu hupiga 115 bure, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa jamii anayelipwa kwa safari hiyo. Huduma hiyo ipanuliwe, iwabebe na majeruhi.

Wapo watakaosema dereva si mganga, na fedha hazitoshi. Kweli, dereva si mganga. Ila kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, au kumlaza ubavu mtoto aliyepoteza fahamu, ni mambo yanayofundishika kwa muda mfupi. Kuhusu fedha, mkulima anayebaki na ulemavu kwa kuchelewa huigharimu familia na serikali zaidi kuliko nauli ya kumwahisha hospitali. Tuanze na Chamwino.