Moto Ukipaa, Usiseme "Iko Sawa"

Kila ploti iko na ule msee hufungulia gesi mpaka mwisho. Meko inanguruma, moto umepaa juu, haugusi hata kichomeo, na yeye anakuambia, "Acha, itaiva haraka." Zii, buda. Huo si moto mkali. Huo ni moto unaotaka kuhama.

Cheki hivi. Gesi inatoka kwa matundu ikisukuma moto juu. Moto nao unachoma ile gesi iliyochanganyika na hewa, ukijaribu kurudi chini. Kwa gesi ya kupikia, mwendo wake ni kama sentimita 40 tu kwa sekunde, hewa ikiwa imetulia. Ni kama kushuka na eskaleta inayopanda. Mwendo ukilingana, unabaki papo hapo. Eskaleta ikikuzidi, unabebwa.

Moto hubebwa mpaka mahali gesi imepunguza kasi, unasimama hapo ukiyumba. Ukizidi kufungulia, unazima. Matundu yakiziba na uchafu pia ni shida, maana gesi inapita kwa yale machache yaliyobaki, kwa kasi zaidi. Hewa ikizidi kwa mchanganyiko, moto unakuwa mzembe, unapaa tu.

Mimi pia nilikuwa wa kufungulia mpaka mwisho. Siku moja moto ukazima nikiwa kwa simu, gesi ikaendelea kutoka. Kilichoniokoa ni harufu, na hata hiyo huwekwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe karibu hainuki. Tena ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Sasa fikiria bedsita, dirisha limefungwa, na godoro liko chini.

Maoni yangu ni haya: kidato cha kwanza tulichora moto wa maabara, tukapata maksi, tukasahau. Hiyo ndiyo sayansi tunalala nayo chumba kimoja kila usiku! Tuache kuichukulia kama ya mtihani.

Punguza mpaka moto wa buluu ukalie matundu. Yasafishe. Ukizima na unasikia harufu, funga gesi, fungua mlango, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi, na utoke kwanza.

Ugali unaweza kungoja dakika tano. Wewe huna spea.