Aliyeona nuru ghafla asidharauliwe, lakini apimwe

MJINI siku hizi wapo watu wengi wanaojifunza kutafakari: kukaa kimya, kufumba macho na kufuatisha pumzi. Baadhi yao hufuata mafunzo ya Watao wa China, ambao tangu enzi za Zhuangzi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hufundisha "kukaa na kusahau" mpaka nafsi itulie. Wapo wasemao kwamba katika utulivu huo walijiwa na nuru ghafla.

Je, ndugu msomaji, jamaa yako akikueleza hayo, utamwamini au utamkimbiza hospitali?

Mimi naona tuna la kujifunza kwa Waturkana wa Kalokol na Lodwar. Wao wanamjua emuron, mtu anayepokea ujumbe wa Akuj, yaani Mungu, kupitia ndoto. Ndoto humjia bila kuitwa. Hata hivyo, kujitangaza hakutoshi. Watu hutazama kama aliyoyaota kuhusu mvua, maradhi na mifugo yametimia. Lokerio, emuron mashuhuri wa karne ya 19, angali anatajwa hadi leo. Kwa hiyo ndoto haichekwi, lakini pia haimezwi nzima nzima.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kutafakari kwa kiasi huwasaidia wengi kupunguza wasiwasi. Lakini wataalamu wameandika pia juu ya watu waliopatwa na hofu, wakakosa usingizi au hata kuchanganyikiwa, hasa baada ya kutafakari saa nyingi kwa siku mfululizo.

Mtazame basi huyo aliyeona nuru. Akiwa analala, anakula, anafanya kazi yake na amezidi upole, mwache ashukuru. Lakini akikesha usiku baada ya usiku bila kuchoka, akigawa mali yake ovyo, au akisikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, huo ni ugonjwa unaotibika. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, wala usimfunge kamba nyumbani. Na aliyewahi kuugua akili, au mwenye ugonjwa huo katika ukoo, amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi marefu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 wana skizofrenia, na wengi wao hawapati matibabu ya kitaalamu. Kuwacheka au kuwaita manabii hakuwaponyi.