Chakavu ni Nani?

Katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja, kuna stoo yenye kompyuta kumi na nane na printa tatu. Mlango una kufuli, na juu yake pamebandikwa karatasi: VIFAA CHAKAVU, VINASUBIRI KUFUTWA. Katika chuo hichohicho wanachuo hujifunza kompyuta kwa mchoro wa kibodi ubaoni. Nimeuona kwa macho yangu. Mkufunzi alikuwa ameuchora vizuri, herufi zote zimo, na vijana waliunakili katika daftari, kisha wakaweka vidole juu ya karatasi wakijifanya wanapiga chapa. Nilitoka pale nimenyong'onyea, na toka siku ile nina ugomvi na neno hilo "chakavu".

Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, nimestaafu ualimu mkuu, na sasa nakaa hapa Nakwa na mbaazi zangu na kuku wachache. Si mtaalamu wa kompyuta. Nilianza kazi enzi za stensili. Ulikuwa ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga tena. Halafu unazungusha mashine ya kudurufu kwa mkono mpaka wino unakufikia mabegani. Mwaka 1974, Azimio la Musoma lilipotutaka tumpeleke kila mtoto shuleni, Serikali hiyohiyo ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Sikuilaumu wakati ule. Fedha za kigeni zilikuwa chache. Lakini mashine ile ya kudurufu hatukuifuta hata siku moja. Ilipochoka tuliita fundi.

Sasa nauliza: kompyuta zile za stoo zimechakaa nini? Chuma ni kizima, skrini zinawaka, kibodi zinaandika. Kilichotokea ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Mashine haikufa. Ruhusa ndiyo iliyokufa. Sisi tukasikia tangazo la msiba kutoka mbali, tukachimba kaburi kabla ya kumshika mgonjwa mapigo ya moyo.

Sisemi haya kwa nadharia. Mkufunzi mmoja kijana alikuwa na kompyuta yake ya mezani ya umri uleule, yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Aliileta kwangu, tukaiweka juu ya meza ya kulia chakula. Akachukua flashi, akawasha mashine kutoka humo, na ukaja mfumo wa Linux mwepesi unaoitwa antiX. Ipo mingine ya jamii hiyo, Puppy na Lubuntu kwa mfano, na yote hupatikana bure kwa halali. Mashine iliyokuwa ikikawia hadi chai inapoa iliwaka kabla sijamaliza kuvaa miwani. Kasoro moja ilitusumbua: saa yake ilirudi nyuma miaka mingi kila tulipoizima, na kwa hiyo tovuti zikakataa kufunguka. Dawa yake ni betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, iliyomo ndani ya mashine. Tulibadilisha, mambo yakanyooka.

Printa ndiyo iliyotutoa jasho. Ilikuwa ya leza, ya aina ile isiyohifadhi programu yake yenyewe. Kila ikizimwa husahau, na kompyuta lazima iifundishe upya inapowashwa. Bila kujua hilo utaapa kwamba imekufa. Tulipoipatia programu yake kwa njia ya CUPS, ambao ndio mtambo wa uchapaji katika Linux, ilinguruma, ikatoa ukurasa. Mtihani wa majaribio wa Kiswahili, maswali kumi na mawili. Nimeuhifadhi.

Na hapa pana kisa ambacho wafutaji wa mali wangefaa wakisikie. Karibu na mwaka 1980, maabara moja ya MIT huko Marekani ilipewa printa ya Xerox ambayo karatasi zilikwama mara kwa mara. Bwana Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji inapokwama, kama alivyofanya kwa printa iliyotangulia. Alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo wake, akanyimwa, kwa sababu mtu yule alikwisha kuahidi kutoutoa. Stallman hakuusahau mlango ule. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzifungua, kuzirekebisha na kumpa jirani. Na mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akaleta kiini cha Linux. Basi programu huru zina asili yake katika hasira ya mtu mbele ya printa. Sisi mbele ya printa tunaandika barua ya kuomba kufuta.

Najua nitajibiwa. Watasema ofisini hutumika Windows, kwa hiyo tutawapoteza vijana. Aliyejifunza udereva kwa Land Rover hashindwi na Toyota. Anayejua kupanga aya na kujumlisha alama katika jedwali la LibreOffice atalijua na la Microsoft kwa siku mbili. Tena Windows ipi hiyo wanayoitetea? Mara nyingi ni ya wizi, imewekwa mjini kwa bei ya soda, na virusi vyake. Tunafundisha maadili ya ualimu kwa mali ya kuiba.

Watasema pia kwamba Wazungu wanatugeuza jalala. Hapo nawaunga mkono. Ziko shehena zinazofika zimekwisha kufa, na skrini zile nene za kizamani zina madini ya risasi na hula umeme wa LUKU kama pasi. Hizo tuzikatae getini. Lakini kompyuta zilizo stooni zimo tayari. Kuzitupa ndiko kutakakoongeza jalala. Wala sidai kwamba mashine ya gigabaiti moja itafungua video na tovuti za leo. Haitaweza, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Itaandika, itakokotoa, itachapa, na kwa programu ya Kiwix itabeba Wikipedia ya Kiswahili ndani ya diski bila intaneti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Walikaa wakatafuta maneno, moja baada ya moja. Waulize wakuu wa vyuo wangapi wamewahi kuifungua.

Nilimwandikia mkuu wa chuo kile, nikaomba kompyuta mbili tu na printa moja kwa wiki mbili, mimi na kijana wangu tuzijaribu kwa gharama zetu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba ombi linashughulikiwa. Nilipofuatilia nikaambiwa ufunguo wa stoo anao mhasibu, na mhasibu yuko Dodoma kwenye semina ya TEHAMA.