USIUZE KIBANJA KWA AJILI YA USAILI (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Bukoba na Muleba, leo sizunguki. Binti kamaliza uuguzi, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, kaitwa kwenye usaili. Swali la kwanza nyumbani: "Una mtu huko?" Hapo ndipo tunapoharibu!

Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Anayekudai laki tano "akupigie simu" ni tapeli. Kama si tapeli, basi anakula rushwa, na wewe unayetoa una kosa pia. Kibanja kikishauzwa hakirudi, na mtoto bado hajasoma kitu.

Msaada uko hapo hapo jikoni kwako. Wiki hiyo mpunguzie kazi, mwachie nafasi asome. Jioni kaa naye, muulize: mama kajifungua, damu haikatiki, unaanza na nini? Mtoto kazaliwa halii, dakika ile ya kwanza unafanya nini? Oksitosini baada ya kujifungua ni uniti ngapi? (Ni 10, sindano ya msuli.) Si lazima ujue majibu yote. Akisitasita utamwona tu. Arudi kwenye daftari!

Utaniambia, "Dada nesi, wenye watu ndio wanaopita." Sawa. Ila jiulize: usiku wa manane, mkweo yuko leba Kamachumu, damu inatoka. Unataka apokelewe na aliyenunua nafasi, au aliyejua jibu?

Kesho: vyeti vya kubeba.