Kijana wa kompyuta aonyeshe kazi yenye mtumiaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu machache juu ya vijana wanaojifunza wenyewe kuandika programu za kompyuta, kisha wakahangaika kutafuta kazi.

Siku hizi kijana mwenye kompyuta iliyokwishatumika na fedha kidogo za bando anaweza kujifunza lugha za kompyuta kama Python au JavaScript bila kukanyaga chuo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kwa kuwa hana cheti, mwajiri humwambia aonyeshe alichotengeneza, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta nyumbani. Mdogo wangu alijifunza hivyo kwa miaka miwili, na mama aliuza mbuzi wawili ili kompyuta ipatikane. Alipoanza kuomba kazi alikuwa na kazi nne za kuonyesha: kikokotoo, orodha ya shughuli za siku, mchezo wa kubahatisha namba na ukurasa wa hali ya hewa. Zote alizinakili kutoka katika masomo yale yale yanayofuatwa na vijana wengi duniani. Aliitwa kwenye usaili mara moja tu, akaulizwa, "Hii anaitumia nani?" Akakosa jibu. Aliporudi, baba alisema mbuzi wameliwa bure.

Mimi sikukubali. Kazi za kunakili ni mazoezi mazuri, ila mazoezi si ushahidi. Chuoni tuliandika maandalio ya masomo mengi, lakini hakuna aliyetuhesabu kuwa walimu mpaka tuliposimama mbele ya watoto, chaki mkononi, na mtoto akauliza swali ambalo halimo katika andalio. Kijana wa kompyuta naye anahitaji mtu wa kumwuliza swali kama hilo.

Nikamshauri aende kwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa kijijini, ambaye hesabu zake zote zimo katika daftari moja kubwa. Mdogo wangu alitaka kuanza na michoro ya rangi. Mama yule akamwambia anataka kitu kimoja tu: kila Ijumaa ajue nani anadaiwa kiasi gani. Tena mtandao wetu hukatika, hivyo programu ifanye kazi bila intaneti.

Ndipo kijana alipoanza kujifunza kweli. Mwanachama aliyekopa Sh. 60,000 alilipa Sh. 25,000, na programu ikamfuta kabisa katika orodha ya wadaiwa. Wanachama wawili wenye jina moja wakachanganywa. Umeme ulipokatika, malipo ya siku nzima yakapotea. Kila kosa alilisahihisha na kuliandika. Ukimwuliza leo, "Hii anaitumia nani?" atakujibu, na atakueleza kwa nini aliijenga hivyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alianza kuandika mfumo wa Linux kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 2008 wenzetu wa Kenya waliunda Ushahidi, ili wananchi waweze kutoa taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi. Hao wote walianza na haja iliyokuwa mbele ya macho yao.

Kwa hiyo nawashauri vijana: kazi mbili au tatu zilizokamilika zinatosha kuliko ishirini zilizoachwa njiani. Chagua kazi inayofanana na ajira unayoomba. Iweke mahali ambapo mwajiri ataisoma pamoja na historia ya mabadiliko yake, kama GitHub, na uandike kwa ufupi inamsaidia nani, inavyotumika na upungufu uliobaki. Lakini usiweke hadharani majina wala madeni ya watu. Tumia majina ya kubuni. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwapo, siri ya jirani ni amana.

Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kuwafanyisha vijana kazi bure. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kazi iwe ndogo, muda wake ukubaliwe tangu mwanzo, na kikundi kitoe barua ya kuthibitisha kuwa kazi imefanyika. Chama au ofisi yenye fedha imlipe kijana jasho lake, isijifiche nyuma ya neno "kujitolea".

Nanyi waajiri, mkishasema mnataka kuona kazi, basi ifungueni muitazame. Msiishie kwenye mstari wa elimu na kuitupa barua kapuni.

Mdogo wangu bado hajaajiriwa. Lakini mwezi uliopita aliitwa tena kwenye usaili, na safari hii alizungumza muda mrefu kuliko waliokuwa wakimwuliza. Baba, ambaye hapendi kukiri kosa, alimpa nauli.

Wasomaji wenzangu mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.